Ngome Isiyoshikika

Jumatano, 8 Novemba 2023

Ukuta wa kaskazini umesimama. Minara miwili tayari, miwili bado. Gundi ya unga wa muhogo imeshika vizuri, udongo mwekundu juu yake umekauka bila ufa. Tangu nianze ufundi simu hapa Newala, leo ndiyo mara ya kwanza maboksi ya simu kunipa heshima kuliko simu zenyewe.

Niandike mambo kwa mpangilio, maana siku moja watu watataka kujua. Mchezo wetu ni vita vya mezani. Niliuona kwenye simu ya mteja. Watu wazima wenye ndevu zao wanapanga askari wadogo juu ya meza, wanarusha dadu, wanapima kwa futi nani kafika wapi, wanagombana. Nilikaa na simu ile muda mrefu nikidai spea haijafika. Sasa tunacheza kila Jumapili alasiri kwa Ashiru, fundi cherehani, juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Askari wetu ni wa mti, warefu kama kidole cha shahada. Anawachonga rafiki yangu Optatus, seremala.

Jumapili ya tarehe 19 Masasi wanapanda kuja kupigana nasi. Mkuu wao anaitwa Nurdin, ana duka la vifaa vya ujenzi na sauti ya mnadani. Alipiga simu kusema ataichukua ngome yetu kabla chai haijapoa. Nikamjibu kwamba ngome hii haikujengwa ichukuliwe. Wakati huo haikuwa imejengwa kabisa. Nilikuwa na boksi na wazo.

Alhamisi, 9 Novemba

Wazo kubwa. Handaki kuzunguka ngome, lenye maji ya kweli. Nikamimina nusu ndoo. Likapendeza! Kivuli cha mnara kikaonekana ndani yake.

Mke wangu Anjelina akarudi na kuona. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa. Akasema katika nyumba hii watu wanaoga kwa kopo, nguo zinasubiri mvua, na askari wa mti wamechimbiwa ziwa. Akasema kama maji ni mengi kiasi hicho, basi leo nile nilichokipika kwenye handaki.

Mchana ukuta wa kusini ukalowa chini na kulala kama mlevi. Nimeweka kitambaa cha buluu badala ya maji. Ashiru amenipa bure kwa sababu ya huzuni iliyokuwa usoni mwangu.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeibiwa mnara.

Mwizi anajulikana. Ni Optatus. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwa Ashiru, ngome iko mezani, minara yote minne imesimama. Optatus akainuka, akang'oa mnara wa lango, akauweka kwenye kofia na kutangaza kwamba Wamakua wameuteka. Nikitaka kuuona tena, niende na jogoo.

Yeye Mmakua wa Lukuledi, mimi Mmakonde. Ni watani. Mtani akichukua kitu chako unajikomboa kwa kitu kidogo, mnacheka, basi. Mimi mwenyewe msibani kwao nililala ndani ya kaburi la baba yake na kukataa kutoka mpaka wanipe soda. Najua yote hayo. Lakini mnara wa lango! Wiki moja kabla ya Nurdin!

Nikakasirika kweli. Nikasema maneno. Nikamwambia hana heshima na kazi ya mtu. Watu wakaacha dadu. Ashiru akanivuta pembeni na kunikumbusha kwamba mtani hanuniwi, hata watoto wanajua. Optatus yeye alicheka tu. Akasema bibi zetu Wamakonde walichanjwa nembo usoni ili waonekane kwa mbali wakienda kutafuta maji, na kumbe zangu zimechanjwa moyoni. Kila mtu akacheka. Mimi nikajifanya nina kikohozi.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimejikomboa. Jogoo ameenda, yule mwekundu anayewika vizuri. Nilimkuta Optatus karakana kwake akipiga randa ubao wa mninga. Anatengeneza kitanda cha binti yake Agatha, anayeolewa Lukuledi mwezi ujao. Ubao wa kichwani ameuchonga njiwa wawili wanaotazamana. Kazi nzuri mno, niliisifia kwa kununa.

Mnara nimeupata. Ndani yake kulikuwa na askari mpya, mdogo, pua pana, amekalia ndoo kama kuku atamiaye. Ni mimi. Kanichonga vizuri sana. Sikufurahi.

Nimewaza njia nzima. Ameshachukua mara moja, atachukua tena. Jumamosi atachukua ukuta. Jumapili, mbele ya Nurdin, atachukua lango lenyewe. Dawa lazima ipatikane.

Jumanne, 14 Novemba

Dawa imepatikana. Iko nyuma ya nyumba yangu, bure!

Anjelina anabangua korosho za kuuza. Nikachukua korosho mbichi, nikazigonga, nikakamua mafuta ya maganda kwenye kifuniko. Meusi, mazito, yanang'aa. Hapa kwetu mtoto hajui kuhesabu lakini anajua kwamba mafuta yale yanababua ngozi. Nimeipaka ngome yote kwa unyoya alioniachia marehemu jogoo. Kuta, minara, lango. Imetoka rangi ya kahawia ya kizamani, utadhani imeona vita. Atakayeishika bila ruhusa atajifunza.

Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi. Akili hiyo. Kisha pua ikaniwasha.

Anjelina ameona ngome na ameona pua. Nimesema ni dawa ya mchwa. Akasema kitu cha kushikwa na watu hakipakwi mafuta ya korosho, hata kama mchwa wangekuwa na ukubwa wa paka. Nikasema kitakauka. Akasema mafuta yale hayakauki leo wala kesho. Kisha akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Simwelewi mwanamke huyu, kisima gani tena wakati ameshakataa hata handaki.

Alhamisi, 16 Novemba

Hayajakauka. Pua imevimba. Wateja wanaongea na pua, hawaongei na mimi.

Optatus alipita kibandani. Hakuiba kitu. Alisema amekuja kuitazama pua, kwani habari zake zimefika Lukuledi. Akasema Agatha angependa niwe mmoja wa wazee wa kusimamia upande wao siku ya harusi, japo ni Mmakonde, mradi pua ikae nje. Nikasema nitafikiri. Nilikuwa nimefurahi, lakini nikasema nitafikiri.

Jumamosi, 18 Novemba

Siku mbaya. Naandika polepole.

Asubuhi niliitoa ngome nje, juani, ikauke. Anjelina alikuwa amepeleka korosho chama cha msingi cha wakulima. Mimi nikaenda kwa Ashiru kupima meza. Wingu likaja kutoka upande wa Ruvuma, likafunga ghafla, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka yote kwa pamoja. Unga wa muhogo na udongo! Nikakimbia bila viatu.

Uani hapakuwa na ngome. Nikadhani imeyeyuka. Nikaingia ndani nikaikuta mezani, haijalowa, nzima, kila mnara mahali pake. Pembeni amekaa Optatus, shati limelowa chapachapa, mikono ina weusi aliodhani ni udongo uliolowa, anakunywa chai yangu. Alikuwa anapita njiani mvua ilipoanza. Akaikumbatia ngome nzima kwa mikono miwili, akaificha na kifua chake, akaingia nayo ndani. Akasema sasa ni mali ya Wamakua kwa haki ya kuokoa, na jogoo mmoja hatoshi.

Ningesema neno moja. Paka mafuta ya kula, oga sabuni, upesi. Neno moja tu. Kila mtu hapa angeelewa. Lakini ningesema nimepaka kwa ajili ya nani? Yeye amekaa pale amelowa kwa sababu ya ngome yangu, na mimi niseme nilimtegea yeye.

Nikasema anawe mikono. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema tangu aje Newala hajaona Mmakonde akimlazimisha mgeni maji, labda mvua imenipanda kichwani. Nikasema tena. Akasema hakuja kula, kunawa kwa nini. Akajipangusa uso. Akavunja kipande cha muhogo, akala. Akaaga.

Muda wote huo nilikuwa namtazama. Kabla hajaaga nilimmiminia chai ya pili. Sijui kwa nini niliimimina ile ya pili.

Jumapili, 19 Novemba

Masasi wamekuja. Nurdin ana mnara wa plastiki kutoka dukani na kofia yenye jina lake. Tukapanga. Optatus akachelewa.

Akaja. Mikono yote miwili imevimba, malengelenge kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, mengine yamepasuka. Kidevu kimeungua. Kifuani shati limeachwa wazi kwa sababu haliwezi kugusa ngozi. Hakuna aliyeuliza ni nini. Hapa kila mtu anaijua alama ile tangu utotoni. Wakauliza ameipata wapi.

Optatus akaitazama ngome. Kisha akaitazama pua yangu. Nikaona anavyoelewa, taratibu, kama mtu anayesoma bango.

Akasema ameshika vibaya, akafunga mazungumzo. Kisha akanigeukia. Nikasubiri tusi. Nilikuwa nalihitaji. Akasema: pole na maandalizi, Bwana Ladislaus.

Bwana Ladislaus. Kwa muda wote tuliojuana ameniita nembo, ndoo tupu, mjukuu wa kiu. Leo kaniita kwa jina langu la ubatizo, mbele ya watu, kwa adabu, kama ninavyoitwa benki.

Vita. Kanuni niliziandika mimi: mshambuliaji lazima ainue lango kwa mkono ndipo aingie, na ngome isiyoingiwa hadi jua kuzama imeshinda. Nurdin akaliendea lango, akaitazama mikono ya Optatus, akarudisha wake mfukoni. Wenzake wote vilevile. Wakapiga dadu kwa mbali wakiizunguka ngome hadi jioni. Tumeshinda. Nurdin amesema hajawahi kushindwa na mlango, na anataka marudio Masasi, Desemba.

Wenzangu walipiga makofi kidogo. Optatus alikuwa ameshaondoka. Hakuweza kushika dadu.

Jumatatu, 20 Novemba

Ngome isiyoshindwa iko juu ya kabati. Sitaki kuiona. Nimeifunika khanga.

Nilipita karakana. Kitanda cha Agatha kimesimama bila miguu miwili. Randa iko palepale nilipoiona mara ya mwisho. Optatus amekaa kibarazani, mikono imepakwa dawa, ameiweka mapajani viganja juu kama anayeomba dua. Nikasema nimeleta kuku. Akasema asante sana, Bwana Ladislaus, Mungu akuzidishie. Nikasema labda ni mchwa, yaani dawa ya mchwa. Akasema ndiyo, mchwa ni wengi mwaka huu. Akaniuliza habari za Anjelina. Akaniaga kwa heshima zote.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mkwe, mjukuu tayari yuko mlangoni.

Jumatano, 22 Novemba

Mpango. Mtani anaponywa na utani. Akiiba tu, mambo yamekwisha. Basi aibe.

Njia anayopita kwenda zahanati inapita mbele ya nyumba yangu. Asubuhi nikaweka barazani mnara mmoja, mpya, wa boksi safi, haujapakwa kitu. Kando yake redio ndogo. Kando ya redio kuku jike, amefungwa mguu. Nikajificha nyuma ya mlango.

Optatus akaja. Akasimama. Nikachungulia. Akaita hodi kwa sauti ya kawaida, akamwambia Anjelina kwamba kuna vitu nje, watu wa siku hizi si waaminifu, aviingize ndani. Kisha akaenda zake.

Nilitoka nikakaa barazani na kuku. Kwa kweli nililia. Anjelina alinikuta. Hakunicheka. Alisema mtu mmoja tu Newala hii hajui kilichotokea, naye ni huyo anayedhani amekificha. Akasema niende nikaseme. Nikasema kwanza nitatenda, vitendo huzidi maneno. Akasema anaogopa vitendo vyangu kuliko maneno yangu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimetenda.

Nilikwenda karakana, nikamwomba Josephina, mke wa Optatus, aniache nimalizie kitanda. Miguu nilimwachia kijana wa jirani anayejua kupiga patasi. Mimi nikachukua kazi rahisi, msasa. Nikaanza na ubao wa kichwani. Nikasugua. Nilisugua kwa uchungu wote niliokuwa nao. Nilimwomba radhi Optatus kimoyomoyo kila nilipovuta mkono. Nikasikia nafuu, nikaongeza nguvu.

Nilipopangusa vumbi, njiwa wa kushoto hakuwa na mdomo. Wa kulia hakuwa njiwa. Alikuwa kivimbe.

Optatus akaletwa. Akautazama ubao. Akapitisha kiwiko juu yake taratibu, kwa kuwa vidole bado. Agatha ni mtoto wake wa pekee wa kike. Akasema asante, umejitahidi.

Nimerudi nyumbani. Sitaki kula. Ningekuwa na akili ningemwacha peke yake na maumivu yake aliyoyazoea.

Jumapili, 26 Novemba

Nimesema.

Nilimkuta akitoka misa. Nikamwambia pale pale njiani, bila mpango wowote, maana mipango yote imeisha. Nikasema si mchwa. Nilipaka kwa ajili yako, kwa sababu ya mnara. Nikasema nisamehe, na nikaacha hapo, ingawa nilikuwa na sababu nyingine nyingi nzuri.

Akatembea kidogo kabla ya kujibu. Akasema kupaka alikuwa ameshasamehe Jumapili ile ile, kwani kutega ni mchezo, na mtani akinaswa amenaswa. Mikono itapona. Kitanda kitapatikana, hata cha kununua. Kisha akasema jambo moja tu lilikuwa linamnyima usingizi. Kwamba alikaa ndani ya nyumba yangu, nikamtazama anakunywa chai.

Akaongeza kwamba chai yenyewe ilikuwa na sukari nyingi. Akaenda zake. Hakuniita chochote, wala Bwana wala tusi.

Jumatano, 29 Novemba

Leo mchana mlango ulifunguliwa kwa teke. Hakuna hodi. Akaingia Optatus, ngozi ya mikono inabambuka, rangi mbili kama mjusi. Nyuma yake Josephina na toroli.

Akaniita ndoo tupu. Akaniita pua ya kukaangia. Akasema ukoo wangu wote uliamua kuishi juu ya mlima usio na maji kwa sababu ya kuogopa kunawa, na sasa ametambua kwamba hofu hiyo ni ya kweli, maana tukimwambia mtu anawe ujue tumeshamuua. Akaamuru nikae chini. Nikakaa. Akamwomba Anjelina mafuta ya kula, akajipaka mikono mpaka viwikoni huku akinitazama, akatoa khanga juu ya kabati na kuichukua ngome. Yote. Kuta, minara, lango, kitambaa cha buluu. Akachukua na redio. Akasema ngome itakaa uvunguni mwa kitanda cha Agatha mpaka mtoto wa kwanza atakapozaliwa, na huyo mtoto ataambiwa ilijengwa na nani na kwa nini. Ubao wenye kivimbe ameuacha vilevile. Wakwe wa Agatha wakiuliza, atasema yule ni njiwa wa Kimakonde.

Nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake. Anjelina naye. Harusini nasimama upande wao. Niliapa mbele ya wote watatu, mkono juu ya Biblia ya Anjelina, kwamba sitamtegea mtu tena maishani.

Jioni hii nimekaa nimetulia. Moyo mweupe. Nimesamehewa, na mtu aliyesamehewa hufikiri vizuri.

Nurdin amepiga simu. Marudio ni tarehe 10, na safari hii anataka ngome inayogusika. Haiwezekani kumwambia mtu wa Masasi kwamba ngome imo uvunguni mwa kitanda cha bibi harusi. Kwa hiyo naanza mpya kesho. Kubwa zaidi. Maboksi ninayo.

Tatizo ni lile lile, kwamba Optatus atakuja kuichukua. Kiapo nakiheshimu. Mafuta ya korosho sitayagusa tena, ni ukatili, mtu anaumia kweli. Lakini nyuma ya choo cha Ashiru kuna upupu umekomaa, na nimeufikiria kwa makini. Upupu haubabui ngozi. Unawasha tu.